Namna ya Kusoma Mchoro wa Barabara ya Jiji: Mwongozo Kamili wa Kutambua Hisia na Maana

Katika sebule ya jirani yangu mmoja wa Kenya, komini (yaani wilaya) ya mji wetu wa Lubumbashi, nchini Kongo, umetundikwa mchoro wa barabara ambao nimeutazama kwa miaka mingi. Ulichorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga kilichopakwa kwanza rangi nyeupe, upana wake hauzidi mkono wa mtu mzima, na hauna sahihi. Unaonyesha barabara pana iliyonyooka, udongo mwekundu, maduka yaliyofungwa pande zote mbili, mwanamume mmoja juu ya baiskeli, na mbali kabisa bomba la moshi la kiwanda cha shaba. Mara ya kwanza nilipoutazama nilimwambia mwenye nyumba, bila kusita hata kidogo, kwamba barabara ile imo katika matanga. Alinijibu kwa upole: «Hapana matanga, mwanangu. Ile ni salongo.» Kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya chini, upande wa kushoto, ambako jembe limeegemezwa ukutani. Mimi sikuwa nimeliona jembe hilo.

Kwa msomaji asiyelijua neno hilo, salongo ni kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi iliyoamrishwa nchini wakati wa utawala wa Mobutu, katika miaka ya 1970, ambapo watu hutoka kufagia, kulima kando ya njia na kuzibua mifereji, na maduka hubaki yamefungwa mpaka kazi iishe. Ukimya niliouita huzuni ulikuwa ukimya wa amri. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti moja ambalo hatua zote za mwongozo huu zinalifuata: hisia yoyote ninayodai kuiona katika mchoro lazima iwe na mahali pake, sehemu ya kitambaa ambayo naweza kuielekezea kidole mbele ya mtu mwingine.

Hatua ya kwanza: hesabu vitu kabla ya kutaja hisia

Chukua karatasi na kalamu, simama hatua mbili au tatu kutoka kwenye mchoro, na kwa muda wa dakika kumi andika majina ya vitu tu. Usiandike «barabara ya upweke» wala «anga la kutisha». Andika watu wangapi, milango mingapi imefunguliwa na mingapi imefungwa, magari ya aina gani, wanyama, miti, vitu vilivyoachwa chini. Anza pembeni ukielekea katikati, kwa sababu jicho likiachwa huru hukimbilia katikati, na wachoraji wengi hulijua hilo, wakaweka kwenye kona kile wanachotaka kigunduliwe baadaye. Ukiona vigumu kujizuia, funika robo tatu za mchoro kwa magazeti na uikague robo moja moja.

Nilipoufanyia mchoro wa jirani yangu kazi hiyo, nilipata milango 11, kumi imefungwa na mmoja uko wazi nusu, mwanamume mmoja mwenye shati jeupe juu ya baiskeli, jembe moja, mbwa mmoja amelala, mbabula (majiko ya makaa) mbili zisizo na moto mbele ya nyumba, mistari myembamba iliyopindana juu ya udongo, ambayo kwanza nilidhani ni mapambo tu, na bomba la moshi linalofuka.

Orodha ikikamilika, weka alama kando ya kila kitu: je, katika barabara ya aina hiyo, siku ya kawaida, kitu hiki ni cha kawaida au si cha kawaida? Hapa ujuzi wa mahali una thamani kuliko ujuzi wa vitabu. Barabara isiyo na mtu katika mtaa wa Golf, wenye kuta ndefu na mageti ya chuma, haishangazi hata kidogo. Barabara isiyo na mtu karibu na soko la Kenya ni jambo linalodai maelezo, maana pale watu, mikokoteni na pikipiki za manseba, yaani za teksi, hugombania njia kuanzia asubuhi. Utupu ni uleule, lakini katika mchoro wa kwanza hausemi kitu, na katika mchoro wa pili ndio habari yenyewe.

Hatua ya pili: tafuta mahali aliposimama mchoraji

Kila mchoro wa barabara unamweka mtazamaji mahali fulani, na mahali hapo huathiri moyo wake kabla hajafikiri. Chukua rula, au uzi ulionyooka, ufuate mistari ya paa, ya kuta na ya kingo za barabara mpaka ikutane. Mahali inapokutana ndipo ulipo upeo wa macho, yaani kimo cha jicho la mchoraji. Kama vichwa vya watu waliosimama, wa karibu na wa mbali, viko karibu na mstari huo, mchoraji amesimama kati yao. Kama mstari unapita juu ya vichwa vyote, yuko ghorofani au kwenye baraza ya juu. Kama unapita kwenye viuno vyao, amekaa, ameinama, au anaona kama mtoto anavyoona.

Mifano miwili ya Paris inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mwaka 1897 Camille Pissarro, ambaye maradhi ya jicho yalimzuia kufanya kazi nje, alikodi chumba cha hoteli na kuchora barabara ya Boulevard Montmartre mara 14 akiwa dirishani, katika mvua, jua, jioni na usiku. Kutoka juu kule watu wamekuwa nukta za rangi. Hatuwezi kumpenda wala kumhurumia hata mmoja wao, na tunachohisi ni mwendo wa barabara nzima, kama mtu anayetazama mto akiwa darajani. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1877, Gustave Caillebotte alichora barabara ya jiji lilelile siku ya mvua akiwa chini, kwenye kimo cha wapita njia. Mume na mke wenye mwavuli wanatujia wakiwa karibu na ukubwa wa watu halisi, maana mchoro una sentimita 212 kwa 276, na upande wa kulia mtu mwingine, aliyekatwa na ukingo wa mchoro, yuko karibu kugongana nao. Mtazamaji anajisikia kama mtu anayepaswa kupisha. Ni kwa sababu hiyo nakusihi usikae na hukumu uliyoitoa kwenye skrini ya simu: mchoro mkubwa ukipunguzwa hadi upana wa kiganja hupoteza kabisa hisia hiyo ya kukutana mwili kwa mwili.

Huenda mistari isikutane mahali pamoja. Usiharakishe kusema kwamba mchoraji hakujua kazi yake. Giorgio de Chirico, mwaka 1914, alichora barabara ambamo majengo ya upande mmoja na ya upande wa pili hayakubaliani kuhusu upeo wa macho, na msichana anayeendesha gurudumu lake anakimbilia kivuli cha mtu tusiyemwona. Wasiwasi tunaoupata hutoka hasa katika kutokubaliana huko kwa mistari. Wachoraji wengi wa kwetu nao huongeza ukubwa wa kitu kwa sababu ya uzito wake katika kisa: askari huwa mkubwa kuliko nyumba iliyo nyuma yake, nayo bendera huwa kubwa kuliko askari. Andika kilichokuzwa, kisha jiulize ni nani mwenye mamlaka katika mchoro huo.

Katika mchoro wa jirani yangu nilinyoosha uzi kwenye paa na kwenye vizingiti, na mistari ikakutana kwenye kiuno cha mwendesha baiskeli. Mchoraji anamtazama mtu huyo kutoka chini. Nalitaja hapa, nami nitalirudia mwishoni.

Hatua ya tatu: soma mwanga na vivuli

Hatua hii naipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa mwanga ndio unaobeba sehemu kubwa ya hisia katika mchoro wa barabara, na pia kwa kuwa maelezo mengi tunayosoma kuhusu vivuli yaliandikwa na watu wanaoishi chini ya jua lisilo letu.

Lubumbashi iko kati ya nyuzi 11 na 12 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Februari, na siku hizo adhuhuri mtu hana kivuli cha maana, anasimama juu yake tu. Kati ya tarehe hizo mbili, wakati wa masika yetu, jua la adhuhuri huegemea kidogo kusini. Miezi mingine yote huwa upande wa kaskazini, na mwezi wa sita, katika baridi ya kiangazi, kivuli cha adhuhuri huelekea kusini kikiwa na urefu wa karibu saba ya kumi ya kimo cha mtu. Maana yake kwa msomaji wa michoro ni kwamba kivuli kinachozidi kimo cha mtu mara tatu, katika barabara ya hapa, ni cha asubuhi sana au jioni sana, muda usiozidi takriban saa moja na nusu tangu jua lichomoze au kabla halijazama. Huko Paris mambo ni tofauti: adhuhuri ya Desemba kivuli huwa mara tatu ya kimo cha mtu. Mtazamaji wa Lubumbashi anayeona vivuli virefu katika mchoro wa Ulaya anaweza kudhani ni machweo, akaanza kuzungumza juu ya mwisho wa mambo, kumbe ni saa sita za mchana za majira ya baridi na watu wanakwenda kula.

Fuata basi utaratibu huu. Kwanza, tafuta kivuli kimoja kilicho wazi, cha nguzo au cha mtu, ulinganishe urefu wake na kitu kinachokitupa. Pili, angalia kama vivuli vyote vinaelekea upande mmoja. Kama haviendi pamoja, kuna chanzo kingine cha mwanga, au mchoraji ameunganisha nyakati mbili. Tatu, tazama ukingo wa kivuli, kwa maana ukingo mkali huonyesha anga safi, na ukingo uliofifia huonyesha mawingu, vumbi au moshi. Nne, amua kama ni asubuhi au jioni, na hapa kivuli peke yake hakitoshi, kwa sababu kirefu cha asubuhi na kirefu cha jioni hufanana. Inakubidi urudi kwenye orodha yako ya vitu.

Ndipo nilipoielewa ile mistari iliyopindana juu ya udongo. Ni alama za fagio. Mwanamke anayefagia mbele ya nyumba yake alfajiri huacha mistari ya namna hiyo, na ikifika saa chache baadaye miguu ya watu imekwisha kuifuta. Katika mchoro ule mistari haijakanyagwa, isipokuwa na ufito mmoja wa gurudumu la baiskeli. Kwa hiyo ni asubuhi, mbabula hazijawashwa, na aliyepita ni mmoja tu.

Mvua nayo ina mwanga wake. Caillebotte hakuchora hata tone moja la mvua katika mchoro wake mkubwa; tunaijua mvua kwa miavuli na kwa mng'ao wa mawe yaliyolowa. Mchoraji wa Lubumbashi anayetaka mvua ya Januari hupaka madimbwi yenye rangi ya anga katikati ya barabara nyekundu, na ukiona dimbwi limepewa rangi angavu kuliko anga lenyewe, jua kwamba macho yako yanaongozwa chini kwa makusudi.

Hatua ya nne: rangi, kwa uangalifu

Mafunzo ya haraka husema nyekundu ni hasira, bluu ni huzuni, njano ni furaha. Ukija na kanuni hiyo Lubumbashi utaisoma hasira katika kila barabara ya komini za Katuba na Ruashi, kwa sababu udongo wetu ni mwekundu. Rangi ya zambarau juu ya njia inaweza kuwa maua ya jakaranda yaliyoanguka, nayo hutuambia kwamba ni Septemba au Oktoba, majani yakiwa bado na vumbi la kiangazi na watu wakiingojea mvua. Kwa hiyo uliza maswali kwa mpangilio: je, hii ni rangi ya kitu chenyewe? Kama sivyo, je, ni rangi ambayo mwanga umekipa? Kama sivyo pia, basi mchoraji ameichagua, na hapo ndipo mazungumzo juu ya hisia yanapoanza kuwa halali. Ernst Ludwig Kirchner alipochora barabara ya Dresden mwaka 1908 aliipa njia yenyewe rangi ya waridi kali, rangi ambayo hakuna jiwe wala jua la mji ule lingeweza kuitoa. Umati uliosongamana juu ya waridi hiyo, wenye nyuso za kijani na za chungwa, unatusumbua kwa sababu hatuwezi kuilaumu hali ya hewa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau, nalo ni hali ya kitambaa. Mchoro uliotundikwa miaka 30 karibu na jiko la makaa huwa na ukungu wa kahawia ambao mchoraji hakuuweka. Ukiruhusiwa, inua kidogo ukingo wa fremu utazame rangi iliyofichwa chini yake. Hiyo ndiyo iliyo karibu na rangi ya siku ya kwanza. Nimesikia mtu akieleza kwa ufasaha «giza la kihistoria» la mchoro ambao, chini ya fremu, ulikuwa na anga la bluu safi kabisa. Kumbuka pia kwamba mchoraji wa mtaani hutumia makopo anayoyapata dukani, na kijani mahali pa bluu huenda kikamaanisha tu kwamba bluu ilikwisha. Tafuta kwa hiyo rangi ambayo ni safi kuliko zote na imetumiwa mahali pachache, maana hiyo ndiyo aliyoitunza. Katika mchoro wetu rangi hiyo ni nyeupe ya shati la mwendesha baiskeli.

Hatua ya tano: watu, na nafasi kati yao

Acha nyuso kwanza. Pima umbali kati ya mtu na mtu, kisha chora kwenye karatasi yako mshale mmoja kwa kila mtu kuonyesha anakokwenda, na mshale mwingine kuonyesha anakotazama. Mishale hiyo miwili ikitofautiana, pana kisa. Edvard Munch, mwaka 1892, alichora jioni ya barabara ya Karl Johan mjini Oslo, ambao wakati huo uliitwa Kristiania: umati wenye nyuso za rangi ya mshumaa unatujia moja kwa moja na macho yaliyotoka, wakati mtu mmoja, aliyechorwa kama umbo jeusi, anakwenda peke yake upande wa pili, akitugeuzia mgongo. Huhitaji kusoma wasifu wa mchoraji ili uuhisi upweke ule, mishale inatosha.

Penye umati angalia pia nani amekatwa na ukingo, nani ameachiwa nafasi ya kupita, nani amebebeshwa mzigo. Pasipo watu, uliza wamekwenda wapi, na ulichonacho ili kujibu ni vitu walivyoviacha. Edward Hopper alichora mwaka 1930 safu ya maduka yaliyofungwa ya New York chini ya mwanga wa pembeni. Alikuwa ameweka mtu katika dirisha moja la juu, kisha akamfunika kwa rangi. Utupu huo ulifanyiwa kazi, na macho ya mtazamaji huendelea kutafuta dirishani mtu ambaye hayupo tena.

Hatua ya sita: mkono wa mchoraji

Hapa sitakawia. Sogea karibu, kiasi cha urefu wa kiwiko, uone kama rangi imepakwa laini au kwa mapigo yanayoonekana, na kama kasi ya mkono ni moja mchoro mzima. Sehemu iliyorekebishwa mara nyingi, ambako rangi imekuwa nene, ni sehemu iliyomtaabisha mchoraji, nayo inastahili swali. Lubumbashi tuna urithi wa kujifunzia jambo hili: wanafunzi wa karakana iliyoanzishwa hapa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946 walitofautiana kabisa kwa mkono, Bela akipaka kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga akijenga maumbo kwa mistari mifupi iliyosongamana. Masomo yao yalikuwa wanyama, uwindaji na maisha ya kijijini zaidi ya barabara za jiji, lakini atakayesimama mbele ya kazi zao atajifunza kuona jinsi mwendo wa mkono unavyobadilisha hisia ya kitu kilekile.

Hatua ya saba: maandishi, jina, na yale anayoyasema mwenye mchoro

Mabango ya maduka, namba za magari na maneno yaliyoandikwa chini ya mchoro yasomwe yote, hata yenye makosa ya tahajia. Lakini jina la mchoro lisipewe mamlaka kabla ya kujua nani alilitoa. Mchoro ule wa Hopper unajulikana kama asubuhi na mapema ya Jumapili, na wengi wameusoma kama utulivu wa siku ya ibada. Yeye mwenyewe aliuita kwanza maduka ya Seventh Avenue, na Jumapili iliongezwa na mtu mwingine. Kosa linalofanana na hilo limempata Claude Monet. Barabara yake ya Montorgueil, iliyofunikwa na bendera za Ufaransa kutoka dirisha hadi dirisha, huchukuliwa mara kwa mara kuwa sikukuu ya 14 Julai, ingawa siku hiyo ilifanywa sikukuu ya taifa mwaka 1880 tu, na Monet alichora sherehe ya 30 Juni 1878. Msomaji wa Kongo hatashindwa kuikumbuka tarehe hiyo, maana 30 Juni ni siku ya uhuru wetu. Hata hivyo, kukumbuka ni jambo moja na kudai kwamba mchoro unasema hivyo ni jambo jingine; andika sadfa hiyo upande wa mambo yako wewe, usiiweke upande wa mchoro.

Katika mji wetu kuna neno ambalo halina budi kutumika mbele ya michoro ya sebuleni, nalo ni ukumbusho. Watafiti Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliochunguza michoro ya Lubumbashi na miji jirani katika miaka ya 1970, walikuta kwamba watu walieleza thamani ya michoro hiyo kwa neno hilo. Mchoro ulinunuliwa ili ukumbushe, na ili wageni wakae chini yake wazungumze. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947 na aliyejiita mwanahistoria, alimchorea Fabian kati ya 1973 na 1974 historia ya nchi katika michoro ipatayo 100, akiieleza mmoja baada ya mwingine kwa Kiswahili. Aina ya mchoro iliyopendwa sana wakati huo, iitwayo «Colonie belge», yaani koloni la Ubelgiji, huonyesha ua wa gereza la kikoloni, mfungwa akichapwa, bendera ya Ubelgiji juu. Watu waliitundika zaidi ya miaka 10 baada ya uhuru, chini ya utawala mwingine uliokuwa na magereza yake, na chini ya mchoro wa yaliyopita waliweza kuyasema ya siku zao.

Kwa hiyo ukikaribishwa kwenye sebule ya mtu, usimwulize, «Mchoro huu una maana gani?» Swali hilo humfanya mtu ajione yuko kwenye mtihani. Salimia, kaa, kisha uliza, «Mama, mchoro huu unakukumbusha nini?» Atakueleza siku, majirani, adhabu waliyopata waliochelewa, na utaambiwa mambo ambayo macho peke yake yasingeyapata. Andika maneno yake kama maneno yake.

Hatua ya nane: tenganisha nyakati tatu

Mchoro una wakati unaoonyeshwa, wakati uliochorwa, na wakati unaotazamwa, na makosa mengi hutokana na kuzichanganya nyakati hizo. Chukua bomba la moshi. Tanuri za Lubumbashi zilianza kutoa shaba mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuanzishwa, na moshi wa bomba ulikuwa ishara kwamba mishahara inalipwa na shule za kampuni ya migodi zimefunguliwa, ingawa moshi huohuo uliunguza majani na vifua vya watu. Uzalishaji wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, uliokuwa takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulianguka chini ya tani 50,000 kufikia 1994, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na mengine mengi kufuata. Bomba linalofuka katika mchoro wa 1975 ni kitu cha kila siku. Bomba linalofuka katika mchoro wa 2005 ni kumbukumbu au tamaa. Bomba lisilofuka, katika mchoro wowote wa baada ya anguko hilo, mtu wa hapa hulisoma mara moja na kunyamaza.

Fanya vivyo hivyo na barabara zenyewe. Njia zetu zilizonyooka kwa rula ni kazi ya mpango wa kikoloni, uliotenga pia eneo tupu kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika. Mchoro wa barabara ndefu inayoishia kwenye uwanja mtupu huenda unachora mpaka huo, hata kama hakuna askari hata mmoja ndani yake.

Hatua ya tisa: andika usomaji wako

Sasa andika aya moja, usizidishe. Kila sentensi inayotaja hisia ifuatwe na mahali pake katika mchoro. Kisha andika usomaji mwingine ambao ushahidi uleule unauruhusu, na useme kwa nini umeuchagua wa kwanza. Huu ndio wangu wa mchoro wa jirani, baada ya miaka na marekebisho mengi:

«Ni asubuhi, maana alama za fagio hazijakanyagwa na kivuli cha baiskeli ni kirefu. Barabara ni tupu kwa amri ya salongo, kama jembe na milango kumi iliyofungwa inavyoonyesha. Hisia inayotawala ni uchungu wa anayefanya kazi akimtazama asiyefanya: upeo wa macho unapita kwenye kiuno cha mwendesha baiskeli, kimo cha jicho la mtu aliyeinama, na shati jeupe, rangi safi kuliko zote, ni shati la mtu ambaye hatagusa udongo leo. Gurudumu lake ndilo pekee lililovuruga kazi ya wafagiaji. Mtu aweza kusema pia kwamba ni mfanyakazi wa kiwanda anayewahi zamu, kwa kuwa anaelekea kwenye bomba linalofuka, na kwamba mchoraji anamtazama kwa heshima. Nauchagua usomaji wa kwanza kwa sababu uso wake umeachwa bila macho.»

Nilimsomea mwenye nyumba aya hiyo. Alikubali habari ya alama za fagio, akatikisa kichwa aliposikia habari ya uchungu, kisha akaniuliza kuhusu mlango ule uliokuwa wazi nusu, ambao umo katika orodha yangu lakini sikuutaja katika aya. Nimeuwekea alama ya kuuliza kwenye orodha bila kuufafanua, na nawe fanya hivyo kwa kitu chochote ambacho bado hakijapata nafasi katika usomaji wako: kiache kwenye karatasi kikiwa na alama ya kuuliza, uweke tarehe, urudi kwenye mchoro katika majira mengine na kwa mwanga mwingine wa dirishani. Karatasi hiyo itunze katika bahasha nyuma ya fremu, na usiandike kamwe kwenye mgongo wa kitambaa chenyewe, kwa sababu wino hupenya gunia la unga kwa urahisi na kutokeza upande wa mbele.